Siku Nahodha Alipogeuza Tanga

Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa kwamba kuna watu wanakwenda Simiyu kupanda chombo cha tanga, atauliza kama jina la mkoa halikukosewa. Simiyu anayoisikia redioni ni ya pamba, dengu, mtama na ng'ombe. Lakini ramani inasema zaidi. Mkoa huu ulipoundwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zilitolewa Shinyanga, na kipande cha Wilaya ya Magu kikatolewa Mwanza kikawa Wilaya ya Busega. Kipande hicho ndicho kilicholeta ufuo. Busega inapakana na Ziwa Victoria pale Ghuba ya Speke inapokomea upande wa mashariki, si mbali na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi, wilayani Busega, ni kilomita 71.8 za lami. Hata hivyo watu wengi wa Bariadi wanalijua ziwa kwa njia ya sokoni tu: dagaa kwenye beseni, sato juu ya barafu, minofu ya sangara iliyokaangwa na kufungwa kwenye gazeti. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Alikulia katika nyumba ambayo maji yalimaanisha kisima, lambo na mvua. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulipoidhinisha fedha za mradi wa kuyavuta maji ya Ziwa Victoria kuyaleta katika wilaya za Simiyu, mjini kwao watu walianza kulizungumzia ziwa kama jirani. Basi rafiki zake wa tangu shuleni walipokubaliana kuitumia Jumamosi moja ya Novemba ziwani, katika chombo kisicho na injini, alichukua daftari akafuatana nao.

Lilikuwa kundi la watu waliozoea kuamua mambo. Mmoja ni mwalimu wa jiografia, wa pili muuguzi, wa tatu fundi pikipiki mwenye gereji yake, wa nne mnunuzi wa pamba ambaye msimu ukifunguliwa simu yake haipumziki. Nchi kavu kila mmoja ana watu wanaomsikiliza. Siku ile wote waliingia chini ya amri ya mzee mmoja wa mwaloni, mvuvi wa miaka mingi, pamoja na mpwa wake kijana. Kilichobaki akilini mwa mwandishi hadi leo ni uamuzi mmoja wa mzee huyo, uliotolewa chini ya anga la buluu, wakati hakuna aliyeona sababu.

Walifika mwaloni, magharibi ya Lamadi, kabla jua halijapanda. Wanawake walikuwa wameshaanza kuanika dagaa juu ya nyavu chakavu zilizotandazwa mchangani. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarudi, na taa zake za sola, ambazo katika mialo mingi zimechukua nafasi ya karabai, zilikuwa bado zinawaka. Karibu na ufuo palisimama miti iliyokufa, mashina yake yakiwa ndani ya maji. Miti hiyo ni kumbukumbu ya Mei 2020, ziwa lilipopanda na kuvuka kimo cha mwaka 1964 kilichokuwa rekodi kwa zaidi ya nusu karne. Mei 2024 likapanda tena, juu zaidi. Mzee alionyesha kwa kidole mahali ambapo zamani palikuwa na njia ya baiskeli. Sasa palikuwa na matete, na mnandi mmoja juu ya tawi kavu akianika mabawa.

"Mwangaluka, baba," muuguzi alimwamkia.

"Mwangaluka, mwanangu. Mmekula? Kule tuendako hakuna mama lishe."

Chombo chenyewe kilikuwa mtumbwi wa mbao wenye mkuku, na mlingoti wa mti uliochongwa kwa shoka. Tanga lilikuwa la viroba vilivyounganishwa kwa mkono, kwa uzi uleule wa nailoni unaoshonea nyavu. Mahali foromali inaposuguana na mlingoti palizungushiwa mpira wa tairi ya baiskeli. Lakini kilichowavuta wageni ni kalafati. Kila ulipokutana ubao na ubao, palikuwa na mstari mwembamba wa pamba iliyokandamizwa kwa patasi, kisha ikapakwa lami. Mnunuzi wa pamba alipiga goti akaugusa mstari ule kwa ukucha. Miaka yote amekuwa akilipima zao hilo kwa kilo, akilifuatilia hadi mlangoni pa kiwanda cha kuchambulia, wala hakuwahi kujua kwamba ndilo linalozuia maji yasiingie katika mitumbwi ya mkoa wake mwenyewe.

Mzee aligawa kazi bila kuuliza nani ni nani. Fundi alipewa kamba ya demani, ile inayoiongoza pembe ya chini ya tanga. Aliambiwa aishike mkononi muda wote na asiifunge popote, ili upepo ukija kwa ghafla aweze kuiachia mara moja. Mwalimu na mwandishi walipewa makasia. Muuguzi alikaa omo kutazama mbele, maana ghuba ina nyavu za makila zilizotegwa, na siku hizi ina vizimba vya kufugia samaki. Mnunuzi wa pamba alikabidhiwa kopo la kufulia maji ya ngamani. Mpwa alibaki mlingotini. Usukani ulikuwa wa mzee.

Kisha ikaja habari ya majaketi okozi. Yalikuwa yamefifia rangi, lakini mzee alizikagua kamba zake moja baada ya nyingine, akazivuta kwa nguvu kifuani kwa kila mtu mpaka mtu akatoa pumzi. Mnunuzi wa pamba alilalamikia joto.

"Unaweza kulivua, mwanangu," mzee alisema kwa upole. "Livue hapahapa mchangani, utusubiri."

Jaketi halikuvuliwa.

Asubuhi ile upepo ulikuwa wa tezi, ukitoka nchi kavu upande wa kusini mashariki. Tanga lilijaa bila kelele na mtumbwi ukashika njia ya kaskazini magharibi, kuelekea kisiwa kidogo cha mawe ambako kundi lilipanga kuchoma samaki mchana. Mwalimu wa jiografia alikuwa mahali pake. Aliwaeleza wenzake kwamba ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 hujitengenezea upepo wake lenyewe. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani huvuma kuja kujaza nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo huvuma kutoka pwani zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa hukutana kule na kupanda, na mawingu makubwa ya radi hujengeka juu ya maji yenye uvuguvugu. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huwakuta wavuvi usiku wa manane na alfajiri, wakiwa mbali na mwalo. Mvuvi wa tanga huutumia mpango huohuo kwa faida yake: hutoka na upepo wa asubuhi, hurudi na upepo wa mchana.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Ni hivyo, mwalimu," alisema. "Ila si kila siku."

Walipopita mbele ya kijiji kimoja cha Busega, mazungumzo yakaingia kwenye historia. Ghuba hii ina jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858 akiwa upande wa Mwanza, asilisafiri. Aliyelizunguka kwa tanga ni Henry Morton Stanley, na safari yake ilianzia jirani kabisa na maji yale, Kageye, ambayo leo iko Wilaya ya Magu. Msafara wake uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa umebeba mashua iliyogawanywa vipande, Lady Alice. Wapagazi waliviweka vipande hivyo mabegani wakavuka navyo nusu ya nchi hadi Kageye, wakafika tarehe 27 Februari 1875. Tarehe 8 Machi mashua iliingia majini, na kurudi ilikuwa tarehe 6 Mei.

Jambo ambalo mwalimu alipenda wenzake walisikie ni hili: Stanley alipoomba watu wa kujitolea kwenda naye ziwani, kimya kilitanda. Msafara ule ulikuwa na wangwana wa Zanzibar na watu wa Mrima, wengi wao wamezaliwa bahari ikiwa mlangoni. Hakuna aliyesogea. Ilibidi Stanley awachague mwenyewe watu 11. Ni rahisi mtu wa leo kukiita kimya kile woga. Lakini wale walikuwa watu wanaojua maana ya maji wasiyoyajua: hawakuwa na habari za miamba yake, pepo zake wala watu wa visiwa vyake. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani angejitolea upesi zaidi.

Mpwa wa mzee, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwaloni, aliuliza kama watu wale 11 walijua kuogelea. Mwalimu hakuwa na jibu.

Ilikuwa yapata saa nne, na kisiwa kilikuwa kimeshaanza kuonyesha mawe yake, wakati tanga lilipolegea. Hilo lenyewe lisingemshangaza mtu, kwa kuwa upepo wa asubuhi hufa kabla ule wa mchana haujaanza. Mzee alikaa kimya kidogo akitazama kaskazini. Anga lilikuwa la buluu, isipokuwa mawingu meupe yaliyorundikana mbali, kama yanavyorundikana kila siku ya Novemba. Mtumbwi mmoja wa injini ulipita ukirudi pwani kwa mwendo mkali. Kisha pumzi moja ya upepo ikaja kutoka kaskazini. Ilikuwa ya baridi. Ilipita usoni mwao, ikakunja uso wa maji, ikaisha.

"Tunageuka," mzee alisema.

Fundi alishangaa. "Baba, mbona kuko shwari?"

"Ndiyo maana tunageuka sasa."

"Mzee, sisi tumelipia mpaka kisiwani," mnunuzi wa pamba alisema, akiwa amesimama.

"Nitawarudishia nusu, mwanangu. Kaa chini kwanza, foromali inapita."

Alikaa. Katika chombo cha tanga la aina ile, kubadilisha upande ni kazi ya mikono mingi. Demani hulegezwa, foromali husimamishwa wima karibu na mlingoti, kisha tanga zima huzungushwa na kupelekwa upande wa pili. Kwa muda huo chombo hakina nguvu wala mwelekeo, na mti mzito unapita juu ya vichwa vya watu. Ikifanyika katika upepo mdogo, ni dakika chache za amri fupifupi. Ikifanyika katika upepo mkali na mawimbi, watu wageni ndio wanaoangukia upande mmoja, na mtumbwi hujaa maji. Mzee alikuwa anaununua wakati ule ambao kugeuza bado ni kazi nyepesi.

Hapakuwa na upepo wa kutosha, hivyo makasia yakafanya kazi. Mwalimu na mwandishi walipiga makasia hadi viganja vikachubuka. Muuguzi akahama omo akampokea mwalimu. Mnunuzi wa pamba alifua maji bila kuambiwa. Kulikuwa na ukimya wa watu walionyimwa kitu walichokuwa wanakiona kwa macho, kwa sababu kisiwa kilikuwa bado pale nyuma yao, karibu, mawe yake yaking'aa. Kuelekea saa sita upepo wa ziwani uliingia kutoka kaskazini magharibi, tanga likajaa tena, na mtumbwi ukakimbia kuelekea Busega.

Wakiwa karibu na ufuo walisikia ngurumo. Walipogeuka waliona pazia la kijivu limeshuka juu ya maji upande wa pili wa ghuba, mbali sana, likielekea magharibi. Halikufika kwenye kisiwa kile. Halikufika Busega. Mwaloni jua liliendelea kuwaka, na dagaa walikauka siku hiyohiyo.

Mwandishi ameirudia saa ile mara nyingi kichwani na kila mara hukutana na swali lilelile: je, mzee alikuwa sahihi? Hakuna ajuaye. Huenda wangefika kisiwani, wakachoma samaki wao, wakarudi jioni wakiimba. Kwa ushahidi wa siku ile peke yake, mnunuzi wa pamba alikuwa na haki ya kunung'unika. Wingu halikuwakuta, wimbi halikuwapiga, na hakuna aliyepata hadithi ya kuwasimulia watu wa Bariadi. Na hapo ndipo penye fundisho. Tahadhari inapofanya kazi yake, haiachi alama. Anayeponea chupuchupu katika dhoruba anarudi na simulizi, na watu humzunguka kumsikiliza. Aliyegeuka mapema anarudi na lawama za abiria wake.

Walipokuwa wanavua majaketi, muuguzi alimuuliza mzee kama huwa anageuka mara nyingi hivyo.

"Mara nyingi," alijibu. "Na mara nyingi mvua haiji."

Hakulisema kwa kujitetea. Alikuwa anaeleza namna anavyofanya kazi. Yeye hakuhitaji wingu lije ndipo aridhike kwamba aligeuka vizuri. Alipima alichokuwa anakijua saa nne, wala si kilichotokea saa nane. Mkulima wa Itilima, hukohuko Simiyu, aliyeweka mtama ghalani mwaka mmoja, kisha mwaka uliofuata mvua ikanyesha vizuri, hakuna mwenye akili anayemwambia alijisumbua bure. Majini hesabu hiyo watu huisahau.

Kuna sababu za kuisahau, na si za upumbavu. Mvuvi aliyetega makila yake jioni hawezi kuyaacha siku mbili akingoja hali ya hewa itulie, kwa sababu wizi wa nyavu ni jambo la kweli ziwani, na nyavu hizo mara nyingi zimenunuliwa kwa mkopo. Mwenye mtumbwi wa kubeba abiria akiahirisha safari, abiria watapanda wa jirani yake. Nahodha kijana akigeuza, wenzake watamtania mwaloni wiki nzima. Kila mmoja wa hawa anajua kwamba maji yana hatari. Tatizo ni kwamba gharama ya kugeuka hulipwa leoleo, kwa fedha taslimu, na faida yake haionekani kamwe.

Tanzania imelipa gharama ya upande wa pili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba nahodha hakuwemo chomboni, na kwamba usukani ulikuwa umeachwa kwa mtu asiye na mafunzo. Fundi mmoja alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili, na nchi nzima ilishangilia. Kivuko kile kilikuwa kimekwishavuka njia hiyohiyo mara nyingi kikiwa kimejaa, kikafika salama. Kila safari iliyofika salama iliwazoesha watu kuamini kwamba inayofuata nayo itafika.

Vifo vikubwa hivyo ndivyo vinavyotangazwa. Vingine huja mmojammoja, mtumbwi kwa mtumbwi, na habari zake huishia msibani. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara husema watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria lote, katika nchi tatu linakopatikana. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021. Asilimia kubwa ya hao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, na miongoni mwao wamo watoto wengi.

Yapo mambo yaliyofanyika, na ni haki kuyataja. Kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulizikutanisha mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ili utabiri wa ziwa utolewe kwa namna ambayo mvuvi ataielewa na kuitumia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo lenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini, pamoja na vile vidogo. Katika mialo, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, viko karibu na mvuvi kuliko ofisi yoyote.

Pengo lililobaki ni lile kati ya taarifa na mtu anayeshika usukani akiwa na abiria waliokwishalipa. Utabiri unaweza kufika kwenye simu saa kumi na mbili asubuhi, lakini wa kusema "tunageuka" saa nne ni binadamu mmoja, aliyezungukwa na watu wenye haraka. Ndiyo maana mzee yule aliandaa mamlaka yake tangu mchangani. Alipokataa kuondoka kabla jaketi halijafungwa, alipomkabidhi mnunuzi mwenye fedha kopo la kufua maji, alikuwa anaweka wazi kwamba chomboni sauti ni moja. Uamuzi wa saa nne ulitiiwa kwa sababu mpangilio uliwekwa saa kumi na mbili, kabla hajatokea wa kubishana.

Kwa mtu wa Bariadi kuna jambo moja zaidi la kujifunza upya. Nyumbani, wingu la Novemba ni habari njema: watu hutoka nje kulitazama, majembe hutolewa, mbegu za pamba huwekwa tayari. Mtoto wa Bariadi anakua akijua kulifurahia wingu. Mtoto wa Busega, mwendo mfupi kutoka hapo, katika mkoa huohuo, anahitaji kujua kulisoma wingu hilohilo kwa jicho jingine, na anahitaji kujua kuogelea. Shule za kandokando ya ziwa zina walimu wa michezo na zina maji mbele yake. Somo la kuogelea na kujiokoa, linalofundishwa sehemu salama, penye kina kifupi kilichokaguliwa dhidi ya mamba na viboko, na mtu mzima anayejua kazi akiwa majini pamoja na watoto, halihitaji jengo. Halmashauri na kamati za shule zinaweza kulianzisha.

Mchana ule mwaloni, mzee alitoa noti mfukoni akaanza kuhesabu nusu aliyoahidi. Muuguzi aliukunja mkono wa mzee akaurudisha. "Hapana, baba. Umetufikisha." Mnunuzi wa pamba, aliyekuwa wa kwanza kuidai fedha hiyo kule majini, aliitikia kwa kichwa. Samaki wao waliwachoma palepale mchangani na wakala pamoja na mpwa wa mzee, ambaye alitaka mwalimu amalizie habari za Lady Alice.

Msomaji wa Simiyu ambaye hajafika kwenye ufuo wa mkoa wake aende Busega. Ni karibu na ni pazuri. Kabla ya kupanda chombo aulize nani nahodha wa leo, majaketi okozi yako wapi na kama yanamtosha kila mtu, watoto wakiwemo, na utabiri wa ziwa umesemaje. Akikosa jibu moja kati ya hayo, abaki mchangani. Na akipanda, kisha nahodha akasema wanarudi kabla hawajafika, asimbishie, asimtanie, na wakishuka amlipe nauli yake yote.